Achari ya Mkono Mmoja

Chupa ilinifikia Jumanne, imeviringishwa kwa kanga kuukuu ndani ya katoni ya sabuni. Shangazi aliituma baada ya arobaini ya Bibi kumalizika na vitu vya nyumba kugawanywa. Mmoja alipata kabati, mwingine masinia, na kuna aliyeondoka hata na mapazia. Mimi nikapewa chupa ya achari. "Wewe ndiye uliyekuwa ukiichunga," shangazi aliniambia kwa simu, kwa furaha ya mtu anayekuletea zawadi. Nikamshukuru. Ningemwambia nini?

Ni chupa ya kioo kizito, kijani kidogo ukiitazama dhidi ya dirisha, mdomo wake mpana kiasi cha kuingia mkono wa mtu mzima. Haijatiwa kitu kwa miaka mingi, na shangazi aliapa kwamba aliisugua kwa majivu na sabuni. Lakini nilipoondoa kifuniko, harufu ilinipiga usoni: uwatu, mafuta ya zamani, chumvi na limau. Mate yakajaa mdomoni kabla sijapata nafasi ya kuona haya. Kitu kilichomtoa mama yangu katika nyumba yake, mimi mwanawe bado kinanitoa mate. Nikaifunga, nikaiweka chini ya meza, na siku nzima nikawa na hasira na kila aliyenisemesha.

Wenzangu mliokulia Kisii mjini mnalijua jua letu. Asubuhi linawaka vizuri, watu wanaanika nguo na magodoro, na ikifika saa nane mvua inakuja mbio kutoka milimani bila kubisha hodi. Kutengeneza kitu cha jua katika mji kama huo ni ubishi, na Bibi yangu mzaa baba alikuwa mbishi. Ukoo wetu ni ule wa Waislamu wa mjini ambao ukiuliza asili yao unatajiwa makabila matatu kabla chai haijapoa. Babake Bibi alikuwa Mnubi, mamake mtu wa Pwani, na kutoka kwa huyo mama alirithi chupa hii na namna ya kuitumia. Hakuna harusi ya Kiislamu kuanzia kwetu mpaka Kendu Bay iliyopikiwa pilau bila mtu kuuliza kama achari ya Bibi imefika.

Siri yake haikuwa viungo. Siri, alivyosema yeye, ilikuwa mkono mmoja. Aliyekata malimau ndiye atakayeyatia chumvi, ndiye atakayeyageuza kila Ijumaa kwa mwiko mkavu, ndiye atakayetia mafuta, ndiye pekee atakayefungua chupa mpaka siku ya kupakua. Mtu wa pili akitia mkono, achari inaharibika. Hakuwahi kueleza kwa nini, na sisi hatukuuliza. Nyumbani kwetu mambo ya Bibi hayakuulizwa.

Mama yangu alizaliwa Ekerenyo, akaitwa Kwamboka. Siku ya nikaha akawa Mariamu. Alijifunza kusali, akajifunza kupika pilau na mahamri, akajifunza kuitikia "bee" akiitwa na mkwewe. Miaka kumi alikaa katika ile nyumba ya nyuma ya duka la vitambaa, na miaka yote hiyo funguo za stoo zilining'inia kiunoni mwa Bibi. Mama akitaka sukari, anaomba. Akitaka mchele, anaomba, na Bibi anampimia kwa kikombe kama anavyopimiwa mpangaji. Nikiwa mdogo nilidhani kila nyumba ina mtu wa kuomba na mtu wa kuombwa, na kwamba Mama amechagua kuomba kwa sababu hapendi kelele za funguo.

Kwao Mama nako kulikuwa na namna ya kuweka chakula, na lazima niieleze, kwa sababu bila hiyo hamtaelewa ujinga wangu. Nyanya yangu wa Ekerenyo, tuliyemwita Magokoro, alikuwa akipika chinsaga, zile mboga chungu ambazo sokoni wengine huziita saga. Mvua ikinyesha sana na mboga zikawa nyingi, alichemsha chungu kizima, akamiminia maziwa, akakiweka kando ya mafiga. Kesho yake asubuhi anachemsha tena, na kama chungu kimepungua, anaongeza maziwa. Kesho kutwa vilevile. Siku ya nne ule uchungu unakuwa umetulia na mboga zimelainika mpaka hazihitaji meno. Nilimuuliza Mama kwa nini Magokoro anaongeza kila siku. "Ndio isiharibike," akanijibu. "Ikipungua, unaongeza." Nililishika hilo kama aya.

Bibi alikuwa akisikia habari za chungu hicho anakunja pua. "Mboga ya siku nne!" alisema. "Halafu mnasema mnakula." Mama alikuwa akicheka kidogo, kicheko cha kupitisha jambo, na kuendelea kuosha vyombo.

Mwaka ninaouzungumzia, macho ya Bibi yalikuwa yameingia ukungu. Alipika kwa kupapasa na kukasirika. Shangazi alikuwa ameposwa, harusi ilikuwa inakuja, na malimau yalikuwa yamefika: gunia zima kutoka kwa mti wa babu yangu wa Ekerenyo, yenye ngozi nyembamba na maji mengi. Bibi aliketi kwenye mkeka uani, akaligusagusa gunia, kisha akaita.

"Mariamu."

"Bee, Mama."

"Mwaka huu mkono ni wako. Mimi macho yamekwisha. Kata wewe, tia chumvi wewe, fungua wewe. Achari hii itakaa mbele ya wageni wa harusi." Akashika funguo kiunoni, zikalia. "Ikitoka sawasawa, hizi utazifunga wewe."

Mama alikuwa na unga mikononi. Aliifuta mikono kwa kanga mara mbili, mara tatu. "Asante, Mama. Nitajaribu."

"Sikusema ujaribu," Bibi akasema. Kisha akanigeukia mimi, au akaelekeza uso upande niliokuwa nikipumua. "Na wewe utakaa na chupa. Mvua ikianza, mwite mama yako aiingize. Macho tu. Mkono hapana, umesikia?"

Ilikuwa likizo ya Agosti na nilikuwa na miaka minane. Nilijiona askari.

Siku zile Mama alikausha kila kitu kwa uangalifu ambao sijauona tena kwa mtu. Chupa ilianikwa siku mbili, mwiko ukaanikwa, hata kisu kikaanikwa. Aliyafuta malimau moja moja, akayakata manne manne bila kuyatenganisha chini, akayajaza chumvi Bibi aliyompimia, akayashindilia chupani na kufunga mdomo kwa kitambaa cheupe. Usiku ule alimwambia Baba, nami nikiwa nimelala kwenye godoro la chini nikijifanya sisikii, "Nikipata hizo funguo, nitaweka tu chumvi mahali naona. Nitachukua bila kusema." Ndicho alichokitaka. Si dhahabu, si nyumba yake. Alitaka kuchukua chumvi bila kusema.

Juma la kwanza nililinda. Juma la pili maganda yakaanza kulainika, maji ya malimau yakapanda, na jua likipiga kile kioo harufu ilinijia hadi koo likauma. Nilifungua kitambaa nikanusa. Kesho yake nikachovya kidole. Kesho kutwa nikatoa kipande, nikakikunja mdomoni, na sijui kama nimewahi kula kitu kitamu namna hiyo tangu siku ile. Nikawa nakula kimoja baada ya chakula cha mchana na kimoja baada ya alasiri, kisha nikaacha kujiwekea nyakati. Nilikula, nikanyonya vidole, nikavirudisha chupani vikiwa na mate.

Ndipo nikaona maji yamepungua na malimau ya juu yamebaki makavu. Niliogopa. Si kwamba nilijua nimekosa. Niliogopa achari itaharibika! Nikakumbuka chungu cha Magokoro. Ikipungua, unaongeza. Kando ya ukuta palikuwa na birika la kutawadhia, maji safi, ya tohara, na nikawaza kwamba kama yanafaa kwa sala yanafaa kwa malimau. Nikamimina taratibu mpaka malimau yakazama. Nikafunga kitambaa vizuri, nikakaa chini nikiwa nimeridhika kabisa na nafsi yangu.

Ijumaa Mama alifungua kugeuza. Alizungusha mwiko mara moja, akasimama. Akatia tone la maji yale kwenye ulimi. Kisha akanitazama, na akanitazama kwa muda mrefu, hasa mdomoni. Pembe za midomo yangu zilikuwa zimepasuka kwa chumvi na uchachu wa malimau, zinaniuma hata nikicheka. Nilidhani anaangalia kama nimenawa uso. Aliingia ndani, akatoka na kikopo cha mafuta, akanipaka midomoni kwa kidole chake, hakuuliza kitu. Kisha akasema, "Hii chupa haitaki maji. Chunga sana maji isiingie. Maji inaiua."

"Nitachunga, Mama," nikasema. Na nilichunga kweli. Nilitazama mbingu kama mwehu, tone la kwanza tu napiga kelele. Maji ya mbinguni yanapitia kwenye mabati yenye kutu na mavi ya kunguru, ningekosaje kujua ni mabaya? Maji ya birika yalikuwa mengine.

Alasiri ile Mama alienda kwa Bibi kuomba chumvi. Niliwasikia kupitia mlango.

"Chumvi ya nini? Si nilikupimia?"

"Kidogo tu, Mama. Malimau ya mwaka huu iko na maji mingi."

"Malimau ni ya kwenu. Unayajua mwenyewe." Na funguo hazikulia.

Alinunua chumvi dukani kwa pesa zake, akaificha kwenye kanga, akaitia chupani kwa siri. Nilimwona. Nikadhani naye anafanya kama mimi, anaongeza kilichopungua, na nikafurahi kwamba tunasaidiana. Mama akawa anaongeza chumvi Ijumaa, mimi naongeza maji siku zilizobaki. Hivyo ndivyo tulivyoitengeneza achari ya harusi ya shangazi.

Mwisho wa wiki ya tatu alitia viungo: uwatu, haradali, pilipili za kusaga, bizari, na mafuta yaliyochemshwa yakapozwa. Juu paling'aa vizuri, mafuta mekundu yamefunika kila kitu. Bibi akaipapasa chupa, akaomba iingizwe stoo, akafunga mlango. Mama aliomba mara mbili aitazame. Bibi akamwambia achari ikishatiwa mafuta haisumbuliwi. Siku zile kumi Mama hakula vizuri, na mimi nilimlaumu moyoni kwa kutokuwa na imani.

Siku ya harusi ua ulijaa wanawake. Wageni wa upande wa bwana harusi walikuwa wamekaa kwenye mikeka, masinia ya pilau yameshuka, na Bibi akaagiza chupa iletwe mbele yao. Alitaka wamwone mkwewe akifungua. Kwa hilo nampa haki yake: alitaka kumtukuza. Mama alivaa dera la kijani, amejipaka wanja, amepiga magoti mbele ya chupa. Akavuta kifuniko.

Kwanza ilitoka sauti, kama mtu aliyekuwa amebana pumzi. Kisha harufu. Mafuta yalikuwa yamesukumwa kando na juu pameota kitu cheupe chenye manyoya, kimenenepa kama mkate. Mwanamke mmoja wa Kisumu alivuta mtandio akaziba pua. Mwingine akacheka, akajikaza, akacheka tena. Bibi, ambaye hakuwa akiona, aliuliza, "Kumetokea nini? Mbona mmenyamaza?" Akaegemea mbele, akanusa mwenyewe.

Hakupiga kelele mbele ya wageni. Alisema tu pilau inapoa, wale. Lakini wageni walipoondoka, alimwita Mama na Baba sebuleni, na mimi nikasimama nyuma ya pazia la mlango.

"Umetia maji," Bibi akasema.

"Sikuweka maji, Mama."

"Nimeionja. Mwenzako nimetengeneza achari kabla babako hajaoa. Mna maji humu. Nani ameyatia?"

Mama akatazama mikono yake.

"Chupa ni ya mkono mmoja, Mariamu. Kama si wewe, nani?"

Ile kanuni ilimfunga kila upande, hata mimi mtoto nililiona hilo. Mkono mmoja tu uliingia, basi mkosaji ni mmoja tu. Baba alikuwa amekaa anakunakuna mkono wa kiti. Baba yangu alikuwa mtu mwema dukani; aliwapimia wateja kitambaa na kuongeza inchi mbili. Akasema, "Mwombe tu msamaha, mama watoto. Yaishe."

"Niombe msamaha ya kitu sijafanya?"

"Sema tu."

"Siwezi."

"Basi," Bibi akasema, "aende kwao akafikirie. Siku atakayoweza kusema, arudi."

Nami nyuma ya pazia nilikuwa tayari najua. Nataka hili lieleweke, kwa sababu nimejisingizia utoto kwa miaka mingi. Bibi aliposema neno maji, birika lilinijia machoni. Nilijua. Niliuma ile ncha ya pazia mpaka nikaonja vumbi, na sikutoka.

Siku ya tatu Mama alipanga nguo zake kwenye mfuko mmoja. Baada ya adhuhuri aliketi kwenye kizingiti cha mlango wa uani, mfuko miguuni, viatu tayari. Mvua ilikuja saa yake. Niliketi karibu naye nikitazama maji yakiruka kwenye saruji. Hakwenda. Bibi alikuwa ndani na tasbihi, Baba alikuwa dukani. Alasiri ikaadhiniwa, na Mama bado ameketi. Nilidhani anangoja mvua ikatike, kwa sababu mtu haanzi safari ya Ekerenyo kwa mvua ile, na moyoni nikawa naiomba isikatike kamwe.

Akaniambia, bila kunigeukia, "Hakuna kitu unataka kuniambia?"

Nilitazama mbingu. Kazi yangu ilikuwa kutazama mbingu. Kooni nilikuwa na yale maneno, mafupi, ya kutosha kinywa cha mtoto: ni mimi niliyetia maji. Nikamwona Bibi na ile fimbo yake ya mpera. Nikaona aibu. Nikasema, "Mvua imepungua."

Mama alikaa kidogo zaidi. Kisha akainuka, akakung'uta dera, akaweka mkono kichwani pangu mara moja kama anayepima homa, akachukua mfuko na kutoka.

Hakurudi. Kila mtu alingoja mwenzake aseme neno, na miezi ikapita. Baba alienda Ekerenyo mara mbili na kurudi na ndizi. Mwaka uliofuata alimwoa binti wa jamaa kutoka Kendu Bay, mwanamke mpole ambaye sina la kumlaumu. Bibi alimfungia funguo kiunoni juma la kwanza. Hakumpa chupa, hakumpa limau hata moja la kukata. Tangu hapo achari yetu ikawa ya kununua dukani, ya kichupa chenye karatasi ya picha, na Bibi aliila bila kusema lolote. Nilipoona funguo zimetolewa bila achari ndipo nilipofahamu kwamba ile nyumba ilikuwa imetafuta kisa kwa miaka kumi. Nilikuwa nimewaletea mimi, kwa birika.

Likizo nilipelekwa kwa Mama. Alikuwa akichuma chai kwenye shamba la kakake, akinipikia, akinisuka nywele, akinipenda. Tulizungumza kila kitu isipokuwa hicho. Nikafika sekondari, nikafika chuo, nikaolewa, nikajaliwa watoto wangu mwenyewe, na kila safari ya Ekerenyo nilijiambia nitasema safari ijayo. Bibi akiwa hai nilikuwa na kisingizio: nikisema, kutazuka vita. Sasa Bibi amekufa na chupa imenijia hadi mlangoni.

Jumamosi iliyopita niliipakata mpaka Ekerenyo. Mama alikuwa jikoni, nywele nyeupe chini ya kitambaa, anachemsha chinsaga katika sufuria maana chungu cha Magokoro kilivunjika zamani. Aliiona chupa nilipoivua kanga. Hakushtuka. Akaendelea kukoroga.

"Mama," nikasema, "yale maji niliyatia mimi."

"Najua."

Mvua ilikuwa imeanza, inapiga mabati. Nilidhani sikusikia vizuri. "Ulijua lini?"

"Siku ile niliona midomo yako."

"Na hukusema?"

"Ningesema, wangekuchapa wewe, mimi nikae. Nikae na hizo funguo, zimelipwa na ngozi ya mtoto wangu." Akamiminia maziwa kidogo, akakoroga. "Sikutaka hivyo. Nilitaka useme wewe. Nilikaa pale mlangoni mchana mzima nikingoja wewe useme."

Nikalia. Nilimwambia nilikuwa na miaka minane, nilimwambia niliogopa fimbo. Hakunikatiza. Alingoja nimalize, kama alivyongoja siku ile.

"Omwana one, mwanangu," akasema, "wa miaka minane nilimsamehe kabla sijafika stendi. Mtoto anaogopa, hiyo ni kawaida. Lakini ukafika kumi na tano. Ukafika ishirini. Ukaolewa, ukazaa, unajua sasa mama ni nini. Kila ukija hapa nasema, leo ataniambia. Nakupikia, nakungojea. Wewe unakula, unaenda." Alifunika sufuria. "Ukangoja mpaka yule wa kukuchapa akufe."

Alinipakulia mboga kwenye bakuli, nikala zote, ingawa zilikuwa za siku ya kwanza na chungu sana. Hakula nami. Niliposema chupa ni yake, aiweke hata maharagwe, alitikisa kichwa. "Yaya, hapana. Hiyo si yangu. Mimi walininyima."

Nikaketi. Nilitaka kukaa mpaka giza, nilale pale, niamke nimchotee maji. Mabati yalikuwa bado yanalia juu yetu, na uani maji yalikuwa yanatiririka kwenye mfereji hadi migombani. Mama alikwenda akasimama mlangoni, akatazama nje kwa muda, mgongo wake kwangu.

"Mvua imepungua," akasema.

Nikaichukua chupa yangu nikaondoka.